Miezi 11, miaka 11: Septimius Severus na wanawe

Caracalla alizaliwa tarehe 4 Aprili 188 katika mji wa Lugdunum, ambao leo ni Lyon, Ufaransa. Mdogo wake, Geta, alizaliwa Roma tarehe 7 Machi 189. Walipishana miezi 11. Mimba ya Geta iliingia kaka yake hajafikisha hata miezi mitatu. Watoto wa namna hii hukua kama pacha. Hugombea kijiko kimoja na paja moja la mama, huugua pamoja, na wakifika umri wa kukimbia mgeni hawezi kujua nani mkubwa mpaka aulize.

Baba yao, Septimius Severus, aliyekuwa mfalme wa Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211, aliuchukua mwanya huo wa miezi 11 akautanua ukawa miaka 11. Mwaka 198 alimpa Caracalla cheo cha Augustus, yaani mtawala kamili, mwenza wa baba yake, ilhali ni mtoto wa miaka 9. Siku ileile Geta alipewa cheo cha chini, Caesar, yaani mrithi anayengoja. Akangoja hadi mwaka 209 ndipo naye akaitwa Augustus. Miaka miwili na ushee baadaye aliuawa kwa njama ya kaka yake, kifuani mwa mama yao.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya ndugu wawili waliochukiana tu, kana kwamba chuki hiyo walizaliwa nayo. Mimi siamini hivyo. Naamini ilipikwa polepole ndani ya nyumba, na aliyeipika ni baba aliyewapenda wanawe kwa dhati. Hilo ndilo linaloniuma kila ninaporudi kusoma habari zake.

Kwetu Afrika, Severus huzungumzwa zaidi kwa jambo moja: ni Mwafrika aliyekalia kiti cha Roma. Ni kweli. Alizaliwa tarehe 11 Aprili 145 huko Leptis Magna, mji wa pwani ambao magofu yake yapo karibu na Khoms, Libya, katika familia ya asili ya Kipuniki, yaani uzao wa Wafoinike waliohamia Afrika Kaskazini, ambayo baadhi ya jamaa zake walikwisha kufika Seneti ya Roma. Mjadala wa rangi ya ngozi yake unaweza kutukesha, na ninaelewa utamu wake. Lakini mjadala huo unatuacha mlangoni. Tunamsifu kwa alikotoka na kwa alikofika, halafu tunaondoka bila kuingia ndani kuona watu wa nyumba ile walikuwa wanaishije. Mtu huyu alikuwa na mke, watoto, ndugu na shemeji, na kilichoua urithi wake kilikuwa humo ndani.

Kiti chenyewe alikipata kwa upanga. Mwaka 193 Pertinax aliuawa na askari walinzi baada ya kutawala siku 87, kisha askari haohao wakakinadi kiti hadharani, akakipata Didius Julianus aliyepanda dau. Severus alikuwa liwali wa Pannonia ya Juu, na tarehe 9 Aprili majeshi yake yakamtangaza mfalme huko Carnuntum, kando ya mto Danube. Kufikia Juni alikuwa Roma. Mwaka uliofuata alimshinda Pescennius Niger upande wa mashariki, na tarehe 19 Februari 197 akamwangusha Clodius Albinus nje ya Lugdunum, mji uleule alikozaliwa Caracalla.

Huyu Albinus tumtazame vizuri, kwa maana anatueleza jambo kuhusu watoto. Mwaka 193 Severus alitaka mgongo wake uwe salama wakati anapigana mashariki, kwa hiyo alimpa Albinus cheo cha Caesar, mrithi wake. Hatari ya mashariki ilipopita akamgeuka na kuanza kumwinua mwanawe mwenyewe. Albinus akafa, kichwa chake kikapelekwa Roma kikatundikwa mtini. Mwaka mmoja baadaye cheo hichohicho cha Caesar alivikwa Geta, mtoto wa miaka 8. Sidhani Severus aliwahi kujiuliza neno hilo lilisikikaje masikioni mwa wanawe. Watoto husikia kila kitu, hata kile wakubwa wanachodhani wamekisema kwa mafumbo. Katika nyumba ile, Caesar lilikuwa jina la mtu anayengoja, na mtu anayengoja alikuwa ama amuue mwenye kiti, ama auawe.

Kisha kuna habari ya majina. Severus hakuwa na nasaba ya kifalme, basi akajitafutia. Mwaka 195 alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, mfalme aliyekuwa amekwisha kufa miaka 15 nyuma. Cassius Dio, seneta aliyeishi zama hizo na kuwajua watu hawa kwa macho, anasema seneta mwenzake Auspex alimwendea Severus akampa hongera kwa kumpata baba. Watu walicheka, na sisi tunacheka. Lakini mtoto mkubwa wa Severus hadi wakati huo alikuwa akiitwa Bassianus, jina la babu yake mzaa mama, Julius Bassianus, kuhani wa mungu jua huko Emesa ya Syria, mji ambao leo ni Homs. Mtoto wa miaka 7 akavuliwa jina la babu yake, akavishwa la mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa: Marcus Aurelius Antoninus. (Caracalla, tunalomwitia leo, ni jina la utani lililotokana na joho la watu wa Galia, Ufaransa ya leo, alilopenda kulivaa.) Mdogo wake aliachiwa jina lake, Septimius Geta, jina la babu mzaa baba na pia la ndugu wa baba yake.

Kwa watu wanaojua maana ya kumrithisha mtoto jina la babu, hili si jambo dogo. Mtoto mmoja alitolewa katika ukoo ili awe mjukuu wa Marcus Aurelius, na mwingine akabakizwa mjukuu wa mzee Geta wa Leptis. Mmoja alipewa dola, mwingine akaachiwa ukoo. Kisha wote wawili wakaambiwa wale sahani moja.

Na huyo Marcus Aurelius aliyeazimwa jina alikuwa ameacha mfano mzuri sana wa namna ya kugawana kiti. Alipoingia madarakani mwaka 161 alikataa kutawala peke yake. Alisisitiza Lucius Verus, ndugu yake wa kulelewa pamoja, apewe cheo cha Augustus sawa na yeye, tangu mwanzo. Walitawala pamoja hadi Verus alipofariki mwaka 169, na hakuna tone la damu lililomwagika kati yao, ingawa hawakuwa hata wa tumbo moja. Severus alichukua jina la Marcus, mfano wake akauacha. Angeweza kuwapandisha wanawe wote wawili siku moja. Angeweza pia kumchagua mmoja na kumpa wa pili mashamba na heshima mbali na siasa, kama walivyofanya wengine. Alichagua njia ya katikati: wote ni warithi, lakini mmoja ni mrithi zaidi. Nimekaa kwenye vikao vya mirathi vya kutosha kujua kwamba mpango wa namna hiyo haumridhishi yeyote. Aliyepewa kingi huona wa pili anamnyemelea, na aliyepewa kidogo huona ameporwa.

Nitaje hapa jambo moja ambalo Wakatoliki wanaosoma makala hii watalitambua. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza hutajwa majina ya Felisita na Perpetua. Wanawake hao waliuawa uwanjani Karthago, katika Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi 203, kwenye michezo ya kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa Geta. Siku hiyo Geta alikuwa anatimiza miaka 14. Perpetua alikuwa na miaka kama 22 na mtoto mchanga wa kunyonya. Felisita alikuwa amejifungua gerezani siku chache tu kabla. Kijana huyo ambaye huzuni yetu inamwendea alikuwa na sherehe za namna hiyo. Ni vema kulikumbuka hilo, tusije tukamfanya malaika.

Turudi nyumbani. Mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote baada ya mfalme ni Plautianus, jamaa yake Severus kutoka Leptis, mkuu wa kikosi cha walinzi. Severus alimwamini kupita kiasi. Plautianus alimnyanyasa Julia Domna, mke wa mfalme, akamchafua kwa mumewe, hata Julia akageukia falsafa na kupitisha siku zake akizungumza na wasomi. Mwaka 202 Caracalla, kijana wa miaka 14, aliozwa Plautilla, binti wa Plautianus. Alimchukia mke na mkwe kwa pamoja. Herodian, mwanahistoria wa zama hizo, anasema hakukubali kulala naye wala kula naye.

Ndani ya nyumba hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme ukweli kuhusu Plautianus. Ndugu yake mwenyewe, yule Geta mkubwa, alikaa kimya miaka yote, akafumbua kinywa akiwa kitandani pa mauti, kwa sababu hapo hakuwa na cha kuogopa tena. Hebu tafakari: ndugu wa damu wa mfalme anangoja kufa ndipo aseme. Nyumba yenye ukimya wa namna hiyo haiwezi kuwafundisha watoto kusuluhishana kwa maneno.

Tarehe 22 Januari 205 Plautianus aliitwa ikulu akashtakiwa kwamba alipanga kumuua mfalme. Severus alianza kumsemesha kwa upole, akimuuliza kwa nini. Caracalla akamrukia, akamnyang'anya upanga, akampiga ngumi. Akataka kumuua kwa mkono wake, baba akamzuia, basi akamwamuru mtumishi amalizie. Mtu mmoja aling'oa nywele za ndevu za marehemu akazikimbiza hadi walipokuwa Julia na Plautilla, wote wakiwa hawajui kitu, akasema: mwangalieni Plautianus wenu. Mmoja alifurahi, mwingine akalia. Plautilla alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Lipari. Mbele ya Seneti, Severus hakumlaumu mwanawe wala marehemu. Alilalamikia udhaifu wa binadamu, na alijilaumu mwenyewe kwa kumpenda mtu yule kupita kiasi.

Kwangu mimi siku hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote. Kijana wa miaka 16 aliua mkwe wake mbele ya baba yake, nyumbani, na kesho yake maisha yakaendelea. Hakuna aliyemkalisha chini. Alijifunza kwamba mtu anayekukera katika familia huweza kuondolewa kwa dakika chache, ukitanguliza tu kusema kwamba yeye ndiye aliyetaka kuua. Karibu miaka saba baadaye alitumia maneno hayohayo.

Baada ya Plautianus vijana wakabaki bila kizuizi. Dio anasimulia jinsi walivyofuja fedha, walivyofanya urafiki na wapiganaji wa uwanjani na waendesha magari ya farasi, na jinsi kila mmoja alivyochagua upande wa pili ili mradi asiwe upande wa ndugu yake. Siku moja walishindana kwa magari ya kukokotwa na farasi wadogo, wakashindana kwa ukali hadi Caracalla akaanguka na kuvunjika mguu. Sarafu za utawala huo zilikuwa zinaimba wimbo mwingine. Ipo ya dhahabu ambayo upande mmoja Julia Domna anatazama mbele, na wanawe wako kulia na kushoto kwake, na maneno yanatangaza furaha ya zama. Kwenye lango la ushindi la Leptis Magna kulichongwa picha ya upatano wa familia: Severus na Caracalla wameshikana mikono, Geta amesimama katikati yao. Nikiitazama picha hiyo naona baba aliyejua tatizo lipo, akaamua kulitibu kwa mawe.

Mwaka 208 aliwachukua wote, mke na watoto, akaenda nao vitani Uingereza. Dio anatoa sababu mbili: askari walikuwa wanalegea kwa kukaa bure, na wanawe walikuwa wanaharibika Roma. Yaani baba mwenye miaka 63, anayesumbuliwa na jongo kiasi cha kubebwa kwa machela, alivuka bahari na jeshi zima akitumaini kwamba baridi na matope ya Caledonia, Skotlandi ya leo, yatafanya kazi ya malezi ambayo yeye hakuifanya. Ni huko, mwaka 209, ndipo Geta alipopewa cheo cha Augustus. Kwa Geta kilikuja kikiwa kimechelewa miaka 11. Kwa Caracalla kilikuwa ni kunyang'anywa nusu ya alichokuwa nacho tangu utotoni.

Kuna siku moja ya safari ile ambayo siwezi kuiacha. Severus na Caracalla walikuwa juu ya farasi, wanaenda kukutana na wenyeji wa Caledonia kujadili masharti ya amani. Caracalla akamsimamisha farasi wake nyuma ya baba, akachomoa upanga ili amchome mgongoni. Waliokuwa nao wakapiga kelele. Severus akageuka, akauona upanga, asiseme neno. Akamaliza shughuli yake akarudi kambini. Hapo akamwita mwanawe, pamoja na Papinian, mkuu wa walinzi na mwanasheria mashuhuri, na Castor, mtumishi wake. Akaamuru upanga uwekwe kati yao, mahali pa kufikiwa na mkono. Akamwambia: kama kweli unataka kuniua, niue hapa, una nguvu, mimi ni mzee nimelala. Na kama unaona haya kuua kwa mkono wako, Papinian huyo hapo, mwamuru, atakutii kwa kuwa wewe ni mfalme.

Hakumfanya kitu. Dio anaongeza neno ambalo nadhani ni kiini cha maisha yote ya Severus. Anasema mara nyingi Severus alimlaumu Marcus Aurelius kwa kutomwondoa Commodus, mwanawe mwovu, na mara nyingi alimtishia Caracalla kwamba yeye angefanya asilofanya Marcus. Lakini mwishowe alimpenda mwanawe kuliko alivyoipenda nchi, na kwa kufanya hivyo akamsaliti mwanawe wa pili, kwa maana alijua vizuri kitakachotokea.

Alijua. Hapo ndipo ninapoachana na wanaomtetea Severus kwamba alikuwa baba mpole aliyeponzwa na mtoto. Sisemi alipaswa kumuua Caracalla; hakuna mzazi ninayeweza kumdai jambo hilo. Lakini kati ya kumuua mtoto na kumpa dola yote kulikuwa na nafasi pana sana. Angeweza kumvua cheo, au kumtenganisha na majeshi. Angeweza kumtuma Geta mashariki akiwa na majeshi yake mwenyewe. Hakufanya lolote, kwa sababu kila njia ilikuwa inadai akiri mbele ya watu kwamba nyumba yake imepasuka, wakati sarafu na mawe vilikuwa vimetangaza kinyume chake kwa miaka 10.

Alifariki Eboracum, ambayo leo ni York, tarehe 4 Februari 211. Wosia wake kwa wanawe ulikuwa mfupi: patanani, watajirisheni askari, wengine wote msiwajali. Katika maagizo hayo matatu la kwanza lilikufa mwaka uleule. La pili lilishika, kwa sababu ndilo pekee ambalo wanawe walimwona yeye mwenyewe akilitenda kila siku: aliwaongezea askari mshahara, akawaruhusu kuishi na wake zao, akaunda lejioni tatu mpya, yaani vikosi vikubwa vya jeshi. La tatu nalo lilishika, kwa gharama ya watu wengi.

Wakarudi Roma na majivu ya baba yao. Njiani hawakulala nyumba moja wala kula pamoja, kila mmoja akihofia sumu. Walipofika waligawana ikulu, wakaziba milango iliyounganisha pande mbili. Seneti ikaagiza itolewe sadaka kwa ajili ya upatano wao, na mnyama akaandaliwa kwa ajili ya Concordia, mungu wa kike wa upatano. Usiku huo konsuli aliyepaswa kusimamia na watumishi waliokuwa na mnyama wakatafutana karibu usiku kucha bila kuonana. Sadaka haikutolewa.

Ndipo likazuka wazo la kuigawa dola. Herodian anasema ndugu walikubaliana: Caracalla achukue Ulaya, Geta achukue Asia na makao yake yawe Antiokia au Aleksandria, na bahari iwe mpaka. Julia Domna akasimama akawaambia: wanangu, nchi na bahari mmepata njia ya kuvigawa, mama yenu mtamgawaje? Niueni kwanza, kila mmoja azike kipande chake. Akalia, akawakumbatia, wote waliokuwepo wakalia naye, mpango ukafa.

Kauli hiyo imesifiwa kwa karne nyingi, na ni ya kuliza kweli. Hata hivyo nadhani Julia alikosea, nami nalisema kwa heshima ya mama aliyekuwa ananing'inia kati ya watoto wawili. Ndugu wakishafika hatua ya kuziba milango, kuwalazimisha wabaki nyumba moja ni kumkabidhi mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu. Mashariki palikuwa kwa ndugu wa Julia mwenyewe. Geta angekuwa na majeshi, kodi na bahari kati yake na kaka yake. Baadaye Roma iligawanywa zaidi ya mara moja, na mwaka 395 wana wawili wa Theodosius walirithi kila mmoja upande wake, bila mmoja kumchinja mwenzake. Severus na Julia walipenda picha ya familia moja kiasi cha kushindwa kuiokoa familia yenyewe.

Mwezi Desemba 211 Caracalla alimwomba mama yao awaite wote wawili chumbani kwake, bila walinzi, apate kuwapatanisha. Geta akaamini, kwa sababu mwito ulikuwa wa mama. Walipoingia tu, maakida waliokuwa wamewekwa tayari wakavamia. Geta alimkimbilia mama yake, akamning'inia shingoni, akalia: mama, mama uliyenizaa, nisaidie, nauawa. Alifia mikononi mwake. Julia alilowa damu hata asitambue kwamba naye amejeruhiwa mkononi. Geta alikuwa na miaka 22 na miezi 9. Mama yake alikatazwa kumlilia. Alilazimishwa kucheka na kuonyesha furaha, kila neno lake, kila rangi iliyopita usoni mwake ikichunguzwa.

Kwa mtu anayejua matanga ni nini, adhabu hiyo ni nzito kuliko kifo.

Caracalla alikimbilia kambi ya askari akipiga kelele kwamba ameponea chupuchupu kuuawa na ndugu yake. Akawaahidi fedha. Dio anataja watu kama 20,000 waliouawa kwa kuwa upande wa Geta. Papinian alikuwa mmoja wao. Plautilla naye aliuawa huko Lipari.

Kisha ikaanza kazi ya kumfuta marehemu. Roma, kwenye lango la ushindi la mwaka 203 ambalo lingali limesimama, mstari wa nne wa maandishi ulikuwa na jina la Geta. Herufi zake za shaba zikang'olewa, zikawekwa nyingine za kuwasifu wafalme waliosalia, lakini matundu ya misumari ya zamani yalibaki, na hadi leo wasomi huyatumia kulisoma jina lililoondolewa. Huko Berlin kipo kibao cha mbao cha duara kutoka Misri, kipana kama sahani kubwa, chenye picha ya rangi ya familia yote: Severus mwenye mvi na ngozi ya kahawia, Julia mweupe mwenye hereni na mkufu wa lulu, na watoto wawili mbele yao. Uso wa mtoto mmoja, ambaye wataalamu wengi wanamtambua kuwa Geta, umekwanguliwa mpaka mbao. Mavazi yake yameachwa. Mtu fulani alikaa na kibao hicho mkononi akakwangua uso tu, taratibu, akihakikisha hawagusi wengine.

Sarafu zenye sura ya Geta ziliyeyushwa. Geta lilikuwa jina la kawaida la mtumwa katika michezo ya kuchekesha. Watunzi wakaacha kulitumia. Mtu akikutwa ameliandika jina hilo katika wosia wake, mali yake ilitaifishwa. Na kumbuka jina hilo lilikuwa la nani: la babu yake Caracalla mwenyewe, mzee wa Leptis aliyemzaa Severus. Ili kumfuta mdogo wake alilazimika kulifanya jina la babu yake kuwa haramu. Nadhani aliweza hilo kwa wepesi kwa sababu yeye alikwisha kutolewa katika ukoo ule akiwa na miaka 7.

Mwaka 212, mwaka uliofuata mauaji, Caracalla alitoa amri iliyowapa uraia wa Roma karibu watu huru wote wa dola. Ndilo tendo la utawala huu lililogusa watu wengi zaidi, na wanasheria wa enzi hizi, Papinian, Ulpian na Paulus, waliacha maandishi yaliyokuja kuwa msingi wa sheria za Ulaya. Sipendi kuyapuuza. Lakini Dio anasema lengo la amri lilikuwa kodi, na kodi mojawapo ilikuwa ya mirathi, iliyolipwa na raia peke yao. Caracalla aliipandisha kutoka asilimia 5 hadi 10, akafuta msamaha waliokuwa nao jamaa wa karibu wa marehemu. Tangu hapo watoto na wazazi wa marehemu, waliokuwa wakirithi bila kudaiwa, walitoa sehemu ya kumi ili askari walipwe. Nyumba moja ilishindwa kurithishana, na gharama ikaingia katika kila nyumba ya dola.

Tarehe 8 Aprili 217 Caracalla aliuawa na askari wake karibu na Carrhae, mji wa Mesopotamia, aliposhuka kwenye farasi kujisaidia kando ya njia. Julia alikuwa Antiokia, ambako alikuwa akimshughulikia mwanawe barua za serikali. Miaka yote hiyo alikuwa amemtumikia muuaji wa mtoto wake, ambaye pia alikuwa mtoto wake. Alipopata habari alijipiga kifua kwa nguvu, akaamsha uvimbe wa saratani uliokuwa umetulia kwa muda mrefu, na aliposikia mfalme mpya, Macrinus, anamwondoa mjini, akaacha kula hadi akafa.

Ukoo uliinuka tena kupitia dada yake, Julia Maesa, aliyewaweka kitini wajukuu zake wawili mmoja baada ya mwingine: Elagabalus mwaka 218, na Severus Alexander mwaka 222. Wa kwanza aliuawa na askari pamoja na mama yake. Wa pili pia, pamoja na mama yake, mwaka 235, na baada yake Roma ilikaa karibu miaka 50 ikibadilishiwa wafalme na majeshi.

Majivu ya Severus yalikuwa yamewekwa katika kaburi la Waantonini, ukoo alioazima. Mabaki ya Caracalla yaliletwa humo usiku, kwa siri. Julia alizikwa kwanza kaburi jingine, mbali nao. Baadaye Maesa alikwenda akaitoa mifupa ya dada yake, na mifupa ya Geta, akaihamishia yote kwenye kaburi lile la Waantonini.

Wote wanne.